Kufuli la Popo

Kaka yangu haingii chumbani mwa mtu bila kutazama ukuta kwanza. Wewe mwenyeji umesimama mlangoni na tabasamu lako lote, mkono umeunyoosha, yeye macho yake yako kwenye soketi. Akiona plagi imelegea, hakai. Akiona waya umepitishwa chini ya zulia, hata chai hanywi. Mama yetu aliwahi kumwambia, “Mwanangu, ukienda kwa watu unasalimia watu kwanza, halafu ndiyo ukuta.” Akamjibu, “Mama, watu nitawasalimia hata kesho. Ukuta ukiwaka, hakuna kesho.” Mama akanigeukia mimi na kuniuliza huyu tulimwokota wapi.

Ndiye fundi umeme mkuu wa chuo kikuu ambacho mimi ni mpishi wa bwalo lake. Jina alilopewa na wazazi tunalijua mimi, mama na karani wa mishahara. Wengine wote, wanafunzi na maprofesa, wanamwita Zima Kwanza, maana hayo ndiyo maneno anayoanza nayo kwa mtu yeyote mwenye shida ya umeme. Feni haizunguki? Zima kwanza. Friji linapiga shoti? Zima kwanza. Profesa mmoja alimpigia simu kumweleza kwa kirefu jinsi kompyuta yake inavyotoa cheche, na kwa nini anadhani inatoa cheche, na cheche zenyewe ni za rangi gani. Kaka akamwacha amalize, akamuuliza, “Umezima?” Kikasikika tu kiti kikiburuzwa.

Msidhani mimi mdogo wake nilipata upendeleo. Siku moja aliingia jikoni kwangu akanikuta nina mikono inayochuruzika maji, nimeshika plagi ya mashine ya kukandia unga. Hakupiga kelele. Alizima, akachomoa, akaigeuza mashine juu chini, akaona waya umechunika, akabandika karatasi nyekundu. Karatasi nyekundu kwao maana yake kifaa hiki hakuna kukigusa mpaka fundi arudi. Nikamwambia, “Kaka, mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, na watu wangu wanasubiri mkate.” Akaniambia, “Ndiyo maana nataka uzeeke.” Nilikanda unga kwa mikono siku hiyo, huku nikimtukana kwa moyo wangu wote. Lakini hata leo nikishika plagi nafuta mikono mara mbili, na wapishi wangu nao nimewafundisha hivyo hivyo, asiyefuta nampiga mwiko.

Kila wanafunzi wapya wanapofika, chuo humpa kaka nafasi ya kuzungumza nao kwenye ukumbi mkubwa. Wenzake huko huja na hotuba ndefu. Yeye huja na birika lililoungua na swichi ya chuma. Huwaambia kwamba umeme wa chuo una wenyewe, na wenyewe ni wote waliomo. Mwanafunzi kazi yake ni kutochomeka ekstensheni juu ya ekstensheni kama mtu anayefunga kamba za viatu, kutoficha hita uvunguni, na akisikia harufu ya kuungua aseme hata kama chanzo ni yeye. Mwalimu kazi yake ni kutoleta feni ya nyumbani kwake na kuichomeka kabla haijapimwa. Mfagiaji kazi yake ni kutogeuza chumba cha umeme kuwa ghala la mafagio. Na fundi kazi yake ni kufuli.

Hilo la kufuli lazima niwaeleze, maana bila kufuli hakuna kisa.

Kila fundi wa karakana ya kaka ana kufuli lake na rangi yake. La kaka ni jekundu. La rafiki yake wa kufa na kuzikana, anayeitwa Popo kwa kuwa maisha yake yote yako kwenye dari za watu, ni la bluu. Fundi akienda kushika nyaya, anazima swichi ya mahali hapo, anapitisha kufuli lake kwenye tundu la mkono wa swichi, analifunga, na ufunguo anauvaa shingoni. Ufunguo ni mmoja tu. Pembeni ya kufuli anatundika kadi yenye jina lake na mahali alipo. Kufuli likining'inia, mtu yumo kazini. Hakuna wa kulifungua ila mwenye nalo, awe ameenda msalani, awe amekasirika, awe amelala.

Kwa nini kaka ameshika jambo hili kama imani? Zamani, kabla hajafika chuoni, alikuwa kibarua chini ya fundi mzee mmoja aliyemfundisha kazi. Mzee yule alizima swichi akapanda juu kufunga taa. Hakukuwa na kufuli, palikuwa na mdomo tu: “Jamani, msiwashe.” Akapita mtu mmoja ambaye hakuwapo wakati mdomo uliposema, akaona feni hazizunguki, akawasha. Hakuwa mtu mbaya. Alisikia joto tu. Kaka ndiye aliyemshusha mzee wake kwenye ngazi, na hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami sijawahi kumuuliza.

Haya, tuyaache ya machozi. Tuje kwa wifi yangu.

Wifi yangu alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na wasichana walimwita Matroni kwa sauti ya kunyenyekea, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kunusa biskuti iliyofichwa kabatini kutoka ghorofa ya chini. Kaka alipokwenda kukagua bweni lake, alipekua vyumba vyote, akabandika karatasi nyekundu kwenye pasi na mahita mpaka bweni likaonekana limepambwa. Matroni akatembea nyuma yake akitikisa kichwa na kuwaambia wasichana, “Mnaona? Mnaona? Nilisema mimi!” Mwisho kaka akauliza, “Na chumba chako wewe?” Matroni akasema chumba chake hakina neno. Mwenye nyumba hana neno siku zote. Kaka akaingia, akakuta nyuma ya kitanda soketi moja imebeba friji, birika, pasi, redio na taa ya kusomea, zote zimening'inia kwenye ekstensheni moja iliyofungwa kwa plasta ya vidonda.

Plasta ya vidonda, jamani! Kaka alibandika karatasi nyekundu kwenye birika la Matroni mbele ya wasichana wake wote.

Kesho yake alfajiri Matroni alikuwa karakana, kilemba kimekaa upande, anafoka. Alisema amedhalilishwa. Alisema yeye bila chai si mtu. Kaka akamsikiliza, akachukua bisibisi, akalifungua birika mezani, akamwonyesha ndani: nyaya zimeungua nyeusi, mbili zimebaki na upana wa unywele kugusana. Halafu, hivi ndivyo Popo alivyonisimulia, na Popo hasemi uongo ila kwenye mambo ya samaki aliowavua, Matroni akauliza kwa sauti ndogo, “Na ningekuwa nimelishika?” Kaka akasema, “Nisingepata nafasi ya kugombezwa asubuhi hii.” Popo akaona kaka anatabasamu. Kaka! Popo alikuja bwaloni mbio kunieleza kana kwamba kuna moto.

Baada ya hapo bweni la Matroni likawa linaita fundi kila wiki. Taa inapepesa. Soketi ya korido ina joto. Swichi inalia. Nikamuuliza kaka, “Hivi lile bweni limejengwa kwa karatasi?” Akasema kwa uso mkavu kwamba Matroni ni mtu makini, anaripoti kila kitu kama inavyotakiwa. Wasichana wa bweni ndio walioyamaliza. Walibandika karatasi ya kijani, ile ya kifaa kilichopimwa kikaonekana salama, kwenye mlango wa Matroni siku kaka alipokuwa ndani anabadilisha fyuzi. Alipotoka akaiona. Alisimama pale muda mrefu, wanasema, halafu hakuibandua.

Popo akambana miezi kadhaa aoe, na mwisho kaka akaja kwetu kumwambia mama anataka kuoa. Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja.

Tatizo lilikuwa upande wa pili. Mama yake Matroni, mama mkwe mtarajiwa, alikuwa mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya kutoa amri, na alikuwa amejiwekea akilini mkwe wa ofisini mwenye tai na kiti kinachozunguka. Kaka alipokwenda kujitambulisha, akatazama ukuta kwanza. Akamwambia mama wa watu, “Shikamoo mama, soketi yako hii itawaunguza.” Mama mkwe hakuisahau salamu ile. Alikubali shingo upande, kwa sababu binti yake alikuwa mtu mzima aliyejua anachotaka, lakini kila tulipokutana aliniambia, “Kaka yako huyu anaupenda umeme kuliko watu.” Nami namcheka tu, nasema, “Mama, umeme haumpikii.”

Chuo kikawapa ukumbi bure siku ya Jumamosi, ule ule ukumbi mkubwa wa mihadhara. Viti vyake vimepanda ngazi kama uwanja wa mpira, jukwaa lipo mbele, na dirisha hakuna hata moja. Mchana wa jua kali mle ndani ni usiku mpaka uwashe taa. Lakini una nafasi, na una mapazia mazuri. Mimi na wapishi wangu tukapika tangu asubuhi. Mfungisha ndoa aliahidi kufika saa nane, akatuonya mapema kwamba ana ndoa nyingine baada ya yetu, kwa hiyo yeye akifika anafungisha, hasubiri mtu.

Mvua ikaanza saa saba. Si mvua ya kunyunyiza, mvua ya kumwaga. Wageni wakakimbilia ukumbini na nguo zao za sherehe wamezikunja magotini, wakakuta giza. Wakadhani ni umeme wa mji umekatika. Lakini bweni la jirani linawaka. Bwalo langu linawaka. Mpiga muziki akabonyeza swichi zote za ukumbi, wapi. Watu wakawasha tochi za simu, kila mmoja anamulika uso wa mwenzake, na ukumbi ukaanza kuwa na joto la pumzi za watu na nguo zilizolowa.

Kaka akafika na suti yake mpya, amependeza, hata mimi nililengwalengwa na machozi. Kuambiwa tu hakuna umeme, akaachia mkono wa mama akaenda zake nyuma ya jukwaa kwenye chumba cha umeme. Nikamfuata, Matroni akanifuata mimi na gauni lake amelikusanya mikononi, na nyuma yetu wakaja mama mkwe na mjomba wa bibi harusi, fundi magari mwenye mabega mapana. Kaka akamulika ukutani.

Swichi kuu imezimwa. Kwenye mkono wake linaning'inia kufuli la bluu. Kadi hakuna.

“La Popo,” akasema kaka.

Popo alikuwa ndiye msimamizi wake wa harusi, na tangu asubuhi hakuna aliyemwona. Simu yake inaita tu. Mpiga muziki akasema yeye alimwona getini asubuhi ile amevaa suruali ya suti na shati jeupe, anatembea kwa haraka na mfuko mkononi. Basi! Kila mtu akapata jibu. Popo alikuja asubuhi kukagua kitu, akafunga, akaenda kujiandaa, akasahau. Ndiyo maana hata kadi hakuweka. Mambo ya harusi, watu huchanganyikiwa.

“Kata kufuli,” akasema mama mkwe.

“Siwezi, mama.”

“Huwezi au hutaki?”

“Kufuli likining'inia, mtu yumo kazini.”

Tukamtafuta. Kaka alipita kila mahali na tochi, chini ya jukwaa, kwenye stoo ya viti, kwenye kibanda cha sauti, anaita, “Popo! Popo we!” Mvua juu ya bati inamrudishia kelele zake. Akamulika dari, akaona kifuniko cha kupandia kiko juu kabisa ya jukwaa, kimefungwa, na chini yake hakuna ngazi. Mjomba akacheka kwa hasira. “Mkwe, bila ngazi amepandaje? Au huyu ni popo kweli?” Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, ilikuwa inachekesha. Kaka hakucheka.

Tuliporudi chumba cha umeme akasema, “Tufunge ndoa kwa tochi. Umeme utakuja Popo akija.”

Lo! Ndipo mama mkwe alipolipuka. “Mwanangu aolewe gizani? Kama mali ya wizi? Mimi nimealika ukoo mzima, shangazi zake wametoka mbali, waje wamwone binti yao kwa tochi ya simu?” Akamgeukia bintiye. “Si nilikwambia? Si nilikwambia huyu anaupenda umeme kuliko wewe? Leo siku yake ya ndoa, amesimama analibembeleza kufuli!” Kisha akamnyooshea kaka kidole. “Kufuli hilo likatwe kabla mfungisha ndoa hajaondoka. La sivyo namchukua mwanangu, tunarudi nyumbani, na harusi haipo tena. Si leo wala kesho.”

Alikuwa hatanii. Nilimtazama usoni nikaona hatanii. Na mfungisha ndoa naye, mzee wa watu, aliyefika wakati tunamtafuta Popo, alikuwa ameshaanza kuangalia saa yake na kukohoa.

Mjomba akatoka mvuani akaenda kwenye gari lake, akarudi na mkasi wa kukatia vyuma, mkubwa, mikono yake mirefu. Akamkabidhi kaka. “Wewe ndiye mkubwa wa mafundi hapa,” akamwambia kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. “Hakuna atakayekulaumu. Mmemtafuta, mmemwita, hayupo. Kata, baba, tuoze.”

Kaka akaushika mkasi.

Alimtazama Matroni, akatazama kufuli, akatazama mlango ambako mama yetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kilemba chake cha sherehe kimelowa mvua. Kaka alikuwa ameishi peke yake muda mrefu. Alimtaka mwanamke huyu kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akapanua mkasi, akauweka kwenye kufuli. Sauti ya chuma kugusa chuma niliisikia mimi, na aliisikia Matroni.

Matroni akasogea, akaweka mkono juu ya mkono wa kaka. Hakupandisha sauti. Alisema, “Ukilikata, usinioe.”

“Mwanangu!” mama yake akasema.

“Mama, niache.” Akamgeukia tena kaka. “Nina wasichana bwenini ninaowaambia kila siku, ukiona kufuli usiguse, hata ukiwa na mtihani, hata ukiwa huna pasi ya kunyoosha nguo za kwendea kwenye mahafali. Nitarudi kuwaambia nini? Kwamba ukiwa na harusi unaruhusiwa? Ukilikata, usinioe. Nitarudi na mama.”

Kaka akaushusha mkasi. Akauegemeza ukutani. Nikamwona anapumua kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Mama mkwe alikunja mtandio wake, akauweka begani, akatoka kwenda ukumbini, na tukamsikia anawaambia shangazi, “Inukeni, twendeni.” Mashangazi wakaanza kuinuka. Matroni akamfuata, kaka akamfuata Matroni, mimi nikawafuata wote, nafikiria chakula chote kile nitampa nani. Tukafika mbele ya jukwaa, bibi harusi analia bila sauti, tochi za simu zimetumulika sisi kama wezi. Na mvua, kwa ukaidi wake, ikapungua.

Juu ya jukwaa, kifuniko cha dari kikafunguka.

Kwanza ikashuka ngazi. Mtu alikuwa ameivuta juu akaificha, sasa anaishusha taratibu. Halafu ikashuka miguu miwili yenye viatu vilivyopakwa rangi vikang'aa, halafu ovaroli iliyovaliwa juu ya suruali ya suti, halafu Popo mzima mzima, nywele zimejaa utando wa buibui, uso umejaa vumbi, meno yote nje.

“Nimemaliza!” akapaza sauti. “Bwana harusi, bibi harusi, mstari mzima wa taa, rangi zote, nimeupitisha juu kwa juu, kazi safi! Nilitaka mfike mkute zinawaka, ile mvua ikanichelewesha, juu kunavuja. Washeni… hapana, hapana, msiwashe! Kufuli langu lile, naja mwenyewe.”

Mama mkwe alisimama katikati ya ngazi za viti, mtandio begani. Akashuka ngazi moja moja, akaja mpaka mbele ya Popo, akamtazama kutoka viatu mpaka utando wa buibui.

“Ulikuwa huko juu muda wote huu?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo, mama.”

“Tulikuita.”

“Nilisikia kwa mbali, kwa mvua ile. Ningeweka kadi, au ningeitika, mngeniteremsha, na ingekuwa si zawadi tena.”

“Na mkasi? Hukusikia mjomba wake akileta mkasi?”

“Nilisikia, mama. Nilikuwa juu ya kile chumba kidogo, naunganisha. Sauti yako ikisema likatwe niliisikia, mengine mvua iliyafunika.”

“Unaunganisha nini?”

Popo akaonyesha viganja vyake viwili, vyeusi kwa vumbi. “Nyaya, mama. Zilikuwa wazi mikononi, moja huku, moja huku.”

Mama mkwe akashika kifua. Mtu mmoja nyuma akasema, “Yesu na Maria,” mwingine akasema, “Astaghfirullah.” Mjomba, na mabega yake yote, akakaa chini jukwaani.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema, na sauti yake ya amri haikuwepo tena, “unasikia watu wanataka kuwasha, nyaya unazo mikononi, na unaendelea na kazi? Hukuogopa?”

Popo akamtazama kana kwamba hakulielewa swali.

“Niogope nini, mama? Chini yupo huyu.” Akamwonyesha kaka kwa kidevu. “Nilijua hawezi kukata.”

Hapo kaka yangu akalia. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya wafanyakazi wenzake, mbele ya wasichana wa bweni na tochi zao, mwanamume aliyenibandikia karatasi nyekundu bila kupepesa jicho alilia mpaka mabega yakatikisika. Akamshika Popo shingoni, akamvuta, akamtikisa, akamgombeza kwamba kufuli bila kadi si kufuli, ni mtego, na kwamba Jumatatu wataonana karakana. Halafu akamwachia. Wengine wangenyamaza hapo, wakapokea sifa yao, wakaoa. Kaka yangu hakunyamaza.

“Popo, nilikuwa nakata,” akasema, na watu wote wakasikia. “Mkasi nilishauweka kwenye kufuli. Ni huyu aliyenishika mkono.”

Mama mkwe akageuka akamtazama bintiye, yule aliyemwambia “Mama, niache,” na machozi yakamtoka naye akayaacha yatoke. Popo alimtazama kaka. Akamtazama Matroni na gauni lake lililochafuka chini. Akamtazama tena kaka. Halafu yale meno yote yakatoka nje upya.

“Sasa ndugu yangu,” akasema, “unadhani kwa nini nilikubana miezi yote ile uoe?”

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka mpaka akamshika Popo mkono asianguke, na ukumbi mzima ukalipuka naye, na mfungisha ndoa akaacha kutazama saa yake akaomba aonyeshwe mahali pa kusimama. Popo akavua ovaroli, akaingiza mkono ndani ya shati lake jeupe, akautoa ufunguo, akaenda kufungua.